Kanuni ilikuwepo, kengele haikulia: uchambuzi wa kisa kimoja

Nilipoitwa niliambiwa kazi ni ndogo: ongeza kanuni chache kwenye mfumo wa ulinzi wa mtandao, zijaribu, ondoka. Siku mbili, basi. Ilinichukua wiki tatu, na kanuni iliyotakiwa haikuandikwa pale tulipodhani itaandikwa. Nakieleza kisa chote, pamoja na pale nilipoteleza mwenyewe, kwa sababu kila kosa lililomo nimeshalikuta kwenye mitandao mingine. Hapa tu ndipo nilipoyakuta yote chini ya paa moja.

Taasisi ilikuwa ya ukubwa wa kati, kompyuta mia kadhaa, nyingi za Windows, zimegawanywa kwenye VLAN, yaani mitandao midogo iliyotenganishwa ndani ya mtandao mmoja, kufuata idara. Kulikuwa na kitambuzi kimoja cha Suricata kinachopokea nakala ya trafiki kutoka swichi kuu, na seva ya Wazuh inayokusanya tahadhari za kitambuzi hicho pamoja na logi (kumbukumbu za matukio) za kompyuta zilizowekewa ajenti, programu ndogo inayozituma. Kwa asiyeijua kazi hii: Suricata husoma pakiti, yaani vipande vya data, zinazopita kwenye waya na kuzilinganisha na kanuni zake, na Wazuh husoma logi na kuzilinganisha na kanuni zake. Ni vitabu viwili vya kanuni vilivyoandikwa kwa lugha mbili, na hata hesabu ya uzito wa tahadhari inakwenda kinyume. Hilo la mwisho lilikuja kutuuma.

Tukio lililoleta wito lilikuwa hivi. Asubuhi moja watumishi wa idara tatu walikuta akaunti zao zimefungwa. Msimamizi wa mtandao akafuatilia, akakuta kompyuta ya uhasibu imekesha ikigonga mlango wa RDP (njia ya Windows ya kutumia kompyuta kwa mbali), poti 3389, kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, ikijaribu majina na manenosiri. Mtu alikuwa ameingia kupitia kiambatisho cha barua pepe na sasa anatafuta pa kuhamia. Hakufika mbali. Sera ya kufunga akaunti baada ya makosa machache ndiyo iliyomkwamisha, na ndiyo hiyohiyo iliyoleta habari. Mfumo wa ulinzi haukusema neno. Uongozi ukauliza, tena kwa haki kabisa, kwa nini chombo walichokilipia kilinyamaza usiku mzima.

Jibu la haraka la wote chumbani, mimi nikiwemo, lilikuwa kwamba hakukuwa na kanuni ya jambo hilo. Tukakubaliana tuiandike.

Nilipofungua seva ya kitambuzi nikakuta faili la local.rules kwenye /etc/suricata/rules, na ndani yake kanuni ya RDP imekaa zake. Imeandikwa majuma matatu kabla ya tukio. Kijana wa zamu alinieleza, kwa aibu kidogo, kwamba aliiandika mwenyewe baada ya kusoma habari za mashambulizi ya aina hiyo. Basi swali likageuka. Kanuni ipo, na bado kengele haikulia.

Kichwa chake kilisomeka hivi:

alert tcp $EXTERNAL_NET any -> $HOME_NET 3389

Anayezijua kanuni hizi ataona tatizo mara moja. HOME_NET ni orodha ya anwani za ndani. EXTERNAL_NET, kwa mipangilio inayokuja na Suricata, ni kila kitu kisichokuwa HOME_NET. Kanuni inasema: nipigie kelele mtu wa nje akigonga RDP ya ndani. Kompyuta ya uhasibu ilikuwa ndani, ikigonga ya ndani mwenzake. Hata kanuni ile ingefanya kazi kwa ukamilifu, isingemwona. Kijana hakuwa mzembe. Kanuni nyingi za kunakili zimeandikwa kwa mwelekeo huo, kwa kuwa waandishi wake walimfikiria adui wa nje ya ukuta, na mtu akinakili kanuni hunakili pia wazo lililoizaa.

Nikageuza kichwa, nikaweka $HOME_NET pande zote mbili, nikaendesha suricata -T kuhakiki, ikapita bila kosa, nikawasha upya. Nikamwambia msimamizi, "Hii imekwisha, kaka. Ngoja nikuonyeshe." Nikagonga RDP ya kompyuta kadhaa kutoka laptopu yangu.

Kimya.

Niliambulia patupu mbele za watu kwa sababu ya uvivu. Suricata inapowaka huandika mstari unaosema mafaili mangapi ya kanuni yamesomwa, kanuni ngapi zimepakiwa na ngapi zimekataliwa. Wetu ulisema faili 1. Lilikuwa suricata.rules lililoko /var/lib/suricata/rules, ambalo suricata-update hulitengeneza kwa kuunganisha vyanzo vyote. Faili la kijana lilikuwa folda nyingine na halikutajwa popote kwenye suricata.yaml, faili kuu la mipangilio. Uhakiki ulipita kwa sababu -T hukagua kilichoorodheshwa tu, na faili lisiloorodheshwa haliwezi kuwa na kosa. Majuma matatu kanuni ile ilikuwa maandishi kwenye diski, kama barua iliyoandikwa vizuri na kusahaulika mezani.

Nilipoliorodhesha, kanuni ikakataliwa kwa namba. Alikuwa ameinakili pamoja na sid yake ya asili, yaani namba ya utambulisho wa kanuni, na sid hiyo tayari ilikuwemo kwenye kanuni za Emerging Threats, chanzo cha hadhara, zilizopakuliwa. Kanuni za nyumbani huanzia 1000000, na wenye vyanzo vya hadhara wana safu zao. Nikaipa kanuni namba mpya, tukasonga mbele. Hilo lilikuwa la dakika mbili.

Nikajaribu tena. Kimya vilevile.

Hapa ndipo kazi halisi ilipoanza, na hapa ndipo nilipopaswa kuanzia tangu siku ya kwanza. Kanuni ni dai kuhusu pakiti. Kabla ya kubishana na dai, hakikisha pakiti zinafika. Nilifungua takwimu ambazo Suricata huziandika kwenye eve.json, faili lake la matukio, kila baada ya muda mfupi, nikatafuta vihesabu viwili: tcp.syn na tcp.synack. Cha kwanza huhesabu pakiti za kuomba mazungumzo, cha pili pakiti za kukubali. Kwenye mtandao unaoonekana vizuri hivi viwili hutembea karibu karibu, na maombi huwa mengi kidogo kwa sababu mengine hayajibiwi. Kwetu majibu yalikuwa lukuki na maombi machache mno. Kitambuzi kilikuwa kinasikia watu wakiitikia "naam" mchana kutwa bila kumsikia aliyewaita.

Nikamuuliza msimamizi, "Hii poti ya kunakili, umeiweka inakili pande zote mbili?" Akafungua mipangilio ya swichi. Chanzo cha nakala kilikuwa poti moja tu, ile inayokwenda kwenye ukuta wa moto, na upande uliochaguliwa ulikuwa wa kuingia peke yake. Aliyefunga mfumo aliondoka zamani, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuigusa mipangilio hiyo tena.

Tazama lilivyo zito jambo hilo dogo. Kanuni nyingi za kisasa zina sharti la flow:established, yaani zisikaguliwe mpaka mazungumzo ya TCP kati ya kompyuta mbili yawe yameanzishwa kwa hatua zake tatu: kuomba, kukubali, kuthibitisha. Sharti hilo ni zuri, linaondoa kelele nyingi na kuzuia watu kuchokoza kitambuzi kwa pakiti za kubuni. Lakini kitambuzi kinachoona upande mmoja hakioni hatua tatu. Kwa mipangilio ya kawaida, midstream na async-oneside (vipengele vya kukubali mazungumzo yaliyodakwa katikati au yanayoonekana upande mmoja) zikiwa zimezimwa, Suricata haiyahesabu mazungumzo ambayo haikuona yakianza. Maana yake, sehemu kubwa ya makumi ya maelfu ya kanuni walizokuwa wakizisasisha kwa bidii kila usiku ilikuwa imekufa ganzi. Kanuni ya RDP ilikuwa na sharti hilohilo.

Swali la kawaida ni hili: waliukubalije mfumo siku ya makabidhiano? Waliujaribu. Kuna jaribio maarufu ambapo unafungua ukurasa mmoja mwepesi unaorudisha maandishi yanayofanana na jibu la amri ya id (ya kuuliza mtumiaji ni nani) ikionyesha mtumiaji mkuu, na kanuni namba 2100498 inalia. Ililia, watu wakapeana mikono. Nilipoiangalia kanuni hiyo nikacheka peke yangu. Kichwa chake ni alert ip any any -> any any, haina sharti la mazungumzo, haina mwelekeo, inatafuta tu mfuatano wa herufi ndani ya pakiti. Na pakiti yenye herufi hizo hutoka intaneti kuja ndani, yaani upande uleule mmoja ambao kitambuzi kilikuwa kinauona. Ni jaribio linalothibitisha kwamba pakiti moja imefika. Mtu akitaka kuuhakiki mfumo kwa namna ambayo haiwezi kushindwa, hilo ndilo jaribio lake. Silikatai, nalitumia mpaka leo, ila kama vile unavyopuliza kipaza sauti kabla ya hotuba.

Na dalili zilikuwepo. Hili ndilo lililoniudhi zaidi. Kijana wa zamu alikumbuka kwamba miezi ya mwanzo mfumo ulimwaga tahadhari kwa maelfu, hasa za kundi la SURICATA STREAM. Mtu mmoja alikuwa ameweka kwenye enable.conf, faili linaloiambia suricata-update kanuni za kuwasha, mstari unaowasha kila kanuni, hata zile ambazo waandishi wake huzizima kwa makusudi, akiamini kanuni nyingi ni ulinzi mwingi. Miongoni mwa zilizowashwa ni zile zinazolalamika kuwa imepokelewa pakiti ya kufunga mazungumzo yasiyojulikana kufunguliwa. Kelele ikazidi. Mwingine akaja na dawa: akaongeza group:stream-events.rules kwenye disable.conf. Skrini ikatulia, funika kombe mwanaharamu apite. Kumbe malalamiko yale, kwa wingi wake na ubishi wake, yalikuwa yakisema jambo moja tu: sioni upande wa pili. Kitambuzi kilijieleza ugonjwa wake mara elfu kwa siku, kikazibwa mdomo.

Simlaumu sana aliyezima. Ukiwa zamu na skrini inafoka huna muda wa falsafa. Lakini tangu hapo nina desturi moja: kabla ya kuzima kundi la kanuni naandika kwa sentensi moja kwa nini linalia. Nikishindwa kuiandika, silizimi.

Tukarekebisha. Nakala ikachukuliwa pande zote mbili, na vyanzo vikawa VLAN za idara badala ya poti ya ukuta wa moto peke yake. Hapa kuna mtego wa hesabu unaowanasa wengi. Kiungo cha gigabiti 1 hubeba gigabiti 1 kwenda na 1 kurudi kwa wakati mmoja. Ukinakili pande zote kwenda poti ya gigabiti 1, saa za pilikapilika swichi itatupa ziada. Itaitupa yenyewe, kabla pakiti hazijafika kwa kitambuzi, hivyo capture.kernel_drops, kihesabu cha pakiti zilizopotea kwenye kitambuzi, kitabaki sifuri na utajiona salama. Tulitumia poti ya kasi zaidi iliyokuwa wazi. Isingekuwepo, ningependekeza kunakili VLAN chache kwa ukamilifu kuliko zote kwa mapengo.

Vihesabu viwili vikakaribiana. Nikagonga RDP kutoka VLAN moja kwenda nyingine, kanuni ikalia kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nikagonga kompyuta ya jirani, ndani ya VLAN ileile ya uhasibu, zote zimechomekwa kwenye swichi moja ndogo ya ghorofa. Kimya.

Ukimya huu haukuwa kosa la mtu. Pakiti kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwenye swichi ileile ya ghorofa hazina haja ya kupanda swichi kuu. Zinageukia palepale chini. Kitambuzi kilichokaa juu hakiwezi kuona kisichopanda. Na mvamizi wetu alianzia kwa majirani, kama wafanyavyo wengi. Kwa hiyo hata tungekuwa na kanuni kamili na nakala kamili tangu mwanzo, sehemu ya kwanza ya usiku ule isingeonekana kwenye waya.

Siku hiyo tuliacha kuandika kanuni za Suricata na kuanza kujiuliza nani mwingine aliyekuwa shahidi. Alikuwepo: kila kompyuta iliyogongwa. Windows huandika tukio namba 4625 kila jaribio la kuingia linaposhindwa, na huliandika kwenye kompyuta iliyogongwa, pamoja na anwani ya aliyegonga. Kompyuta karibu zote zilikuwa na ajenti wa Wazuh. Logi za usiku ule zilikuwemo kwenye seva, kamili, zimetunzwa vizuri. Hakuna aliyezisoma.

Jambo moja la kuzingatia kwenye logi hizo. Mtu akifikiria RDP atatafuta aina ya kuingia namba 10, ambayo ndiyo ya kutumia skrini ya kompyuta kwa mbali. Lakini RDP inayotumia NLA (uhakiki wa mtumiaji kwenye ngazi ya mtandao) huhakiki nenosiri kabla ya kufungua skrini hiyo, kwa hiyo jaribio lililoshindwa huandikwa kama aina 3, ya mtandao. Ukichuja kwa 10 utabaki na picha safi na tupu. Mimi mwenyewe nilichuja kwa 10 kwanza.

Basi kwa nini Wazuh haikulia, iwapo logi ilikuwa nazo? Kanuni zake za kawaida zina kanuni ya kushindwa mara moja, 60122, na nyingine ya kushindwa mara nyingi kwa muda mfupi. Ya pili ndiyo tuliyoitegemea. Lakini Wazuh, usipoiambia vinginevyo, inapohesabu marudio huhesabu matukio ya ajenti mmoja mmoja. Mvamizi aligonga kompyuta nyingi, kila moja mara chache. Kwa kila kompyuta, ilikuwa ni mtu aliyekosea nenosiri mara mbili. Kwa ujumla wake, ulikuwa uvamizi. Hakuna aliyejumlisha.

Kipo kiungo cha kujumlisha, nacho kinaitwa global_frequency. Kanuni tuliyofikia, baada ya kuipunguza na kuiongeza mara kadhaa, ni hii:

<rule id="100210" level="12" frequency="10" timeframe="120" ignore="300">
  <if_matched_sid>60122</if_matched_sid>
  <same_field>win.eventdata.ipAddress</same_field>
  <different_field>win.system.computer</different_field>
  <global_frequency />
  <description>Anwani moja imeshindwa kuingia kwenye kompyuta nyingi</description>
</rule>

Isome kama sentensi: matukio 10 ya kushindwa kuingia ndani ya sekunde 120, yenye anwani moja ya chanzo lakini kompyuta tofauti, yakihesabiwa kwa maajenti wote pamoja, na ikishalia itulie dakika tano. Neno zito humo ni lile la kompyuta tofauti. Mfanyakazi aliyerudi likizoni akasahau nenosiri hukosea mara 10 kwenye kompyuta moja. Hakosei mara moja moja kwenye kompyuta 10. Mpaka kati ya binadamu aliyesahau na mashine inayotafuta uko hapo, na hauko kwenye idadi. Kanuni ya Suricata haikuweza kusema hivyo. Kipimo chake cha threshold kwa by_src huhesabu mara ngapi chanzo kimelingana na kanuni, bila kujali kama kimegonga milango 20 au mlango mmoja mara 20.

Kuhusu namba 10 na 120, hatukuzitoa kwenye kitabu. Tulipitisha kanuni kwenye logi za zamani, tukaona siku za kawaida zinafika wapi na usiku wa tukio ulifika wapi, tukaweka mstari katikati, karibu zaidi na siku za kawaida. Ubishi ulikuwepo. Meneja mmoja alitaka tuweke 3, "ili tusikose kitu". Nilimjibu kwa hesabu ambayo mtafiti Stefan Axelsson aliieleza mwaka 1999 alipoonyesha ugumu wa asili wa kazi hii. Chukua matukio 1,000,000 kwa siku, 10 kati yake ni ya uvamizi kweli. Tuseme kanuni yako inayanasa yote 10, na inakosea mara 1 tu kwa kila matukio 1,000 safi. Utapata tahadhari za uongo takriban 1,000 kwa siku. Anayezisoma ataona ya kweli 10 ndani ya 1,010, chini kidogo ya 1 kwa 100. Kufika siku ya tatu atakuwa hazisomi. Meneja akanyamaza, akasema tuweke 10 tuone.

Kanuni ya Suricata hatukuitupa. Ilibaki kwa trafiki inayovuka VLAN, ikiangalia pakiti za kuomba mazungumzo, kwa ajili ya vifaa visivyo na ajenti: printa, kamera, na kompyuta za wageni zinazounganishwa bila kuuliza. Hizo haziandiki 4625 wala haziripoti kwa mtu, ila zikianza kugonga milango ya wengine huonekana kwenye waya.

Ilibaki safari ya mwisho, kutoka kwenye seva mpaka kwenye simu ya mtu wa zamu. Wazuh huweka uzito kuanzia 0 kwenda juu, kubwa ndiyo kali. Suricata huhesabu kinyume, 1 ndiyo kali kuliko zote. Na Wazuh inapopokea tahadhari ya Suricata huipitisha kwenye kanuni 86601, ambayo uzito wake ni 3, iwe ni kirusi kinachozungumza na bwana wake au ni mtu anayepakua filamu. Barua pepe kwa mipangilio ya kawaida hutumwa kuanzia 12. Kwa maneno mengine, tangu mfumo ufungwe hakuna tahadhari hata moja ya kitambuzi iliyowahi kuwa na uwezo wa kumwamsha mtu. Zote zilikwenda kwenye skrini, na usiku skrini haina mtu.

Wazo la kwanza lilikuwa kupandisha zote zenye ukali 1 wa Suricata ziwe 12. Nilikataa. Ukali huo unatokana na aina ya kanuni kwenye classification.config, na humo trojan-activity na policy-violation zote zina 1. Ungemwamsha mtu saa nane za usiku kwa kosa la sera ya kazini. Tukachagua kwa namba za kanuni: chache tulizozijaribu kwa mikono yetu zikapewa uzito wa 12, zilizobaki zikaachwa kwenye 3 mpaka mtu ajitokeze kuzitetea. Mpaka naondoka zilizotetewa zilikuwa sita.

Kisha jaribio la safari nzima. Nilikaa kwenye VLAN ya uhasibu, nikaendesha skripti fupi inayojaribu kuingia RDP kwenye kompyuta 15 kwa jina la mtumiaji asiyekuwepo. Jina la kubuni ni la lazima. Ukitumia jina la mtu halisi utazifunga akaunti zao upya, utakuwa umeirudia ajali uliyoitwa kuitibu. Ndani ya dakika moja tahadhari ikaonekana kwenye skrini. Barua pepe haikuonekana. Tulitafuta karibu saa nzima kwenye seva ya barua kabla ya kijana wa zamu kuisoma anwani ya mpokeaji kwa sauti. Ilikuwa ya yule fundi aliyeondoka.

Suala lililobishaniwa zaidi lilikuja wiki ya tatu, na sina hakika tulilimaliza. Msimamizi ana kompyuta moja ambayo kutoka hapo huingia kwenye nyingine zote kwa RDP kwa kazi za kila siku. Nenosiri lake likibadilika kabla hajalibadilisha kwenye skripti zake, kanuni 100210 inalia. Akaomba anwani hiyo iondolewe kabisa kwenye hesabu. Ombi la kawaida, na mfumo unaruhusu kwa mstari mmoja. Lakini hiyo ndiyo kompyuta ambayo mvamizi mwenye akili angeitaka kuliko zote, na kuiondoa kwenye hesabu ni kumpa mvamizi funguo pamoja na blanketi la kujifunika. Nikapendekeza kanuni ya pili kwa anwani hiyo peke yake, yenye kiwango cha juu zaidi, na ikilia saa za kazi ipunguziwe uzito. Akasema namtilia shaka. Nikamwambia simtilii shaka yeye, naitilia shaka kompyuta yake. Hakufurahi. Tukaenda na pendekezo langu kwa majaribio, kwa maandishi kwamba litaangaliwa upya.

Mambo mengine yalikwenda haraka. Mstari wa kuwasha kila kanuni uliondolewa kwenye enable.conf. Kanuni za stream zilirudishwa, na kwa nakala iliyokamilika zilitoa tahadhari chache za kuvumilika. Mafaili ya kanuni za nyumbani yaliwekwa kwenye Git, mfumo unaotunza historia ya mabadiliko ya mafaili, na kila kanuni ina maelezo ya tarehe, sababu, na jinsi ya kuifanya ilie kwa makusudi. Kipengele hicho cha mwisho kilipingwa kuwa ni urasimu mpaka kijana wa zamu alipokitumia kugundua, baada ya swichi kubadilishwa, kwamba nakala imerudi upande mmoja. Aligundua siku hiyohiyo, kabla ya chakula cha mchana.

Miezi miwili baadaye nilipokea ujumbe kutoka kwake, alfajiri. Kanuni 100210 imelia, kompyuta 40 na zaidi, chanzo ni seva mpya ya kuhifadhi nakala iliyofungwa jana yake ikiwa na nenosiri lisilo sahihi. Aliniuliza aiondoe kwenye hesabu au aipandishie kiwango kama ya msimamizi. Nikamwambia asifanye lolote kati ya hayo, aende akarekebishe nenosiri. Akajibu kwamba alishalirekebisha. Alitaka tu kuona nitasemaje.